Maiti Mgongoni, Mdomo Umefungwa: Kuchora Manga ya Safari Kutoka Ngano za Tibet

Kuna kijana anapanda mlima. Mgongoni ana gunia, ndani ya gunia mna maiti, na maiti anaongea. Njia nzima anasimulia, tena anasimulia vizuri, na kijana ameamriwa asitoe neno hata moja mpaka afike. Likimponyoka, hata kama ni "masikini!" tu, maiti anachomoka guniani, anapaa na kurudi makaburini alikotolewa. Kijana anageuka, anateremka mlima, anaanza upya.

Hizo ndizo ngano za Maiti wa Dhahabu. Watibeti huziita rodrung: ro ni maiti, drung ni hadithi. Anayetaka kuchora manga (katuni ya mtindo wa Kijapani) ya safari yenye asili ya Tibet mara nyingi hukimbilia utenzi wa mfalme Gesar wa Ling, kwa kuwa una farasi, mapepo na vita vya kutosha. Gesar ni mkubwa mno kwa mchoraji anayeanza. Utazama kwenye majina ya mashujaa na silaha zao kabla hujafika sura ya pili. Rodrung ina mtu mmoja, mzigo mmoja na sharti moja, na sharti lenyewe ni kimya, kitu ambacho manga inakijua kuliko sanaa nyingine yoyote ya picha.

Asili yake ni India, kwenye mkusanyo wa Kisanskriti wa hadithi 25 za vetala, pepo anayeingia katika maiti, na mbebaji huko ni mfalme Vikrama. Zikavuka Himalaya, zikatulia Tibet, zikaendelea hadi Mongolia, ambako maiti anaitwa Siddhi Kür. Idadi inabadilika nakala kwa nakala: zipo za hadithi 13, zipo za 21, zipo za zaidi. Kwa hiyo ukiruka hadithi moja au ukibadili mpangilio hakuna atakayekukamata shati.

Kuna jambo moja lililobadilika njiani ambalo mchoraji asipoliona ataharibu kazi yote. Katika masimulizi ya Kihindi, pepo humaliza hadithi kwa fumbo. Mfalme akijua jibu na kunyamaza, kichwa kitapasuka. Akijibu, amevunja kimya na maiti anarudi mtini. Ni mtego wa akili. Kwa Watibeti hakuna fumbo wala kichwa cha kupasuka. Kijana anaponzwa na moyo wake: anashangaa, anahurumia, anacheka, na neno limeshatoka kabla hajajitambua. Anayeshindwa ni msikilizaji mzuri. Ukiingiza mafumbo ya Kihindi ndani ya fremu ya Kitibeti, utapata shujaa mwerevu anayejibu maswali, na wa aina hiyo tunao tele.

Chanzo cha safari nacho kisipunguzwe, maana ndicho kinachomfanya akubali adhabu ya namna hii. Kuna ndugu saba wachawi. Kuna ndugu wawili wengine. Mkubwa anakwenda kujifunza uchawi kwao na hafundishwi lolote la maana. Mdogo anampelekea chakula, anachungulia kwenye upenyo, anaushika uchawi wote kwa mkupuo mmoja. Usiku huohuo wanatoroka. Mdogo anajigeuza farasi mweupe, farasi anaangukia mikononi mwa wachawi, anaponyoka na kuwa samaki, kisha njiwa, na njiwa anaingia pangoni kwa mwalimu Nagarjuna na kujificha kwenye tasbihi yake. Wachawi wanafika. Punje za tasbihi zinageuka wadudu, wachawi wanageuka kuku saba ili wawadonoe, na ile punje kubwa inageuka mtu mwenye fimbo anayewaua wote saba. Nagarjuna hafurahii. Roho saba zimetoka pangoni mwake, na deni lazima lilipwe: nenda kamlete yule maiti, ambaye akifika watu wataishi maisha marefu na umaskini utakwisha.

Kufukuzana huko kwa maumbo ukikupa kurasa kumi umekupunja. Kupe ishirini, na uchore kila badiliko ndani ya mwendo uleule: mguu wa mwisho wa farasi uwe tayari ni mkia wa samaki. Ni sehemu pekee ya kitabu yenye mbio, na pia ni mara ya mwisho tunamsikia kijana akiongea kwa uhuru. Mpe maneno mengi hapo. Awe mropokaji. Kimya chake baadaye kitakuwa na uzito kwa sababu tunajua alivyo.

Vifaa vinne na mti mmoja

Nagarjuna anampa shoka liitwalo Mwezi Mweupe, gunia la rangi nyingi lenye nafasi ya watu mia, kamba iliyosokotwa kwa nyuzi mia za rangi mbalimbali, na andazi la siagi lisilopungua. Wachoraji huwa wanaliogopa andazi, kwamba linaondoa hatari ya njaa. Liacheni libaki. Mdomo uliojaa ndiyo njia bora ya kunyamaza, na picha ya kijana anayejisukumia andazi mdomoni huku machozi yakimtoka kwa hadithi anayoisikia ni ya bure kabisa, imo ndani ya ngano yenyewe.

Makaburi anayokwenda yanaitwa kwa Kitibeti Silwa Tsel, Kichaka cha Ubaridi, na kwa Kisanskriti Sitavana. Yako India. Kosa linalorudiwa sana ni kuyachora kwenye theluji, na fuvu linachungulia barafuni. Huko ni tambarare, kuna joto, miti, mizizi, nzi na mbweha. Maana yake kila awamu ya safari inashuka kutoka nyanda zilizo juu ya mita 4,000 hadi kwenye majani mabichi, kisha inapanda tena na mzigo. Tofauti hiyo ya kimo ndiyo itakayokuokoa usichore ukurasa uleule mara kumi na tatu.

Akifika, maiti wengine wanamzonga, naye anawatuliza kwa punje za shayiri na maneno ya kiganga. Anayemtafuta hamzongi. Anakimbia na kupanda mti. Wengine husema mwembe, wengine msandali. Kijana anatishia kuukata kwa shoka, maiti anateremka. Mwili wake ni dhahabu na feruzi, na nakala hazikubaliani ipi iko juu ya kiuno na ipi chini. Chagua moja uishike mpaka mwisho. Kwa wino mweusi, dhahabu ichore kwa weupe mtupu wenye mng'ao mmoja mkali, na feruzi kwa mistari myembamba iliyolala sambamba. Ukiweka vitone, zile nukta za kutia kivuli kwenye manga, pande zote mbili, zitaonekana kitambaa kimoja.

Mwangalie pia asije akawa rolang. Rolang ni maiti mwingine kabisa wa Kitibeti, yule anayeinuka baada ya kifo: hapindi kiuno, haongei, anakwenda mbele moja kwa moja, na akikugusa kichwani nawe unakuwa kama yeye. Zipo nyumba zenye milango mifupi ambayo watu huieleza kwa habari hiyo, kwamba asiyeweza kuinama hawezi kuingia. Wanahesabiwa wa aina tano: wa ngozi, wa damu, wa nyama, wa mfupa na wa baka, na kila mmoja huangushwa kwa kupigwa pale ulipo uhai wake. Huyo mwisho ndiye balaa, kwa sababu baka lenyewe hujui liko wapi mwilini. Sura nzima inaweza kuchorwa hapo, kijana kimya ndani ya nyumba ya mlango mfupi, na maiti wake guniani akimcheka maiti wa nje. Ila usiwachanganye. Maiti wa Dhahabu anapanda miti, anajikunja guniani na ana ulimi kuliko wakili.

Gunia liwe upande gani?

Kabla ya kuchora ukurasa wa kwanza, amua kama kitabu kitasomwa kuanzia kulia, kama Japani, au kuanzia kushoto kama tulivyozoea. Mzigo uko mgongoni, na sauti inatoka kwenye mzigo. Katika kitabu cha kuanzia kulia, kijana akibeba aelekee kushoto. Jicho la msomaji linaingia kulia, linakutana na gunia na kiputo cha maneno ya maiti, halafu linafika kwenye uso wa kijana. Sauti kwanza, uso baadaye. Akielekea upande mwingine, uso utakuwa umeshtuka kabla maiti hajasema, na kichekesho kimekufa. Katika kitabu cha kuanzia kushoto geuza hesabu hiyo: akibeba aelekee kulia.

Kuna desturi ya wachoraji kwamba kwenda kufuate mwelekeo wa kusoma na kurudi kuende kinyume. Hapa ivunje. Mzigo unabebwa wakati wa kurudi, na kurudi ndiko kwenye hadithi. Safari ya kwenda, gunia likiwa tupu, ndiyo iende kinyume na jicho. Itaonekana ngumu na ya kukatisha tamaa, jambo ambalo ni kweli, kwa kuwa anarudia kazi.

Usichore kwa mwelekeo mmoja ukageuza kurasa kama kioo baadaye. Kwenye hadithi ya mitaani hakuna atakayegundua zaidi ya namba za magari. Hapa unaharibu dini. Mbudha akipita stupa, mnara mtakatifu ambao kwa Kitibeti ni chorten, au ukuta wa mawe yaliyochongwa sala, huuweka mkono wake wa kulia. Geuza ukurasa, amepita kwa mkono wa kushoto, ambao ni mwendo wa wafuasi wa Bon, dini nyingine ya Tibet. Chuba, lile vazi refu la kufunga kiunoni, hufungwa upande wa kulia. Sasa linafungwa kushoto. Maandishi kwenye mawe yanasomeka kinyumenyume. Kwa mbonyezo mmoja wa kompyuta umebadili madhehebu ya shujaa, nguo yake na alfabeti ya nchi.

Kuponyoka kwa neno kuwe kwenye kisanduku cha kwanza baada ya kufunua ukurasa. Kwa vitabu vya pande zote mbili hilo huangukia ukurasa wa namba shufwa, ilimradi ukurasa wa 1 uwe peke yake mwanzoni. Kwa hiyo panga rasimu, ile michoro ya haraka ambayo Wajapani huiita nemu, kuanzia hapo kurudi nyuma. Sura ya kurasa 32 hugawika vizuri hivi: 3 za makaburini na mtini, 2 za kuanza mwendo, 22 za hadithi ya maiti, 3 za kuponyoka na kupaa, 2 za gunia tupu. Watu wengi huipa hadithi kurasa 28 na kubana mwisho kwenye mbili, kisha wanashangaa kwa nini msomaji hasikitiki. Zile mbili za gunia tupu zisiwe na neno. Ya kwanza, anatazama juu. Ya pili, anakunja gunia. Lazima alikunje vizuri, kona kwa kona, maana mtu anayejua atarudi tena hakunji ovyo.

Kwa wasomaji wa simu, wanaoteremsha kidole, hakuna kufunua. Badala ya ukurasa tumia nafasi tupu: karibu kioo kizima cha weupe kati ya sentensi ya mwisho ya maiti na neno la kijana. Chora kwa upana wa pikseli 1,600 ukipunguza hadi 800 wakati wa kupakia, na vitone uviweke baada ya kupunguza. Ukipunguza picha yenye vitone tayari, vinagongana na kutoa mawimbi ya madoadoa usoni kwa watu, na hakuna marekebisho yatakayoyaondoa.

Hadithi ndani ya hadithi

Chukua ile ya marafiki sita. Mtoto wa tajiri, wa tabibu, wa mchoraji, wa mpiga hesabu, wa mchonga mbao na wa mhunzi wanaondoka kwao pamoja. Kwenye makutano ya mito kila mmoja anapanda mti wa uhai wake na kushika njia yake. Mti ukinyauka, wenzake watajua. Mtoto wa tajiri anaoa, mtawala anamnyang'anya mke na kumuua, anafukiwa chini ya jiwe. Mti wake unanyauka. Mpiga hesabu anapata alipo, mhunzi anavunja mwamba, tabibu anamfufua. Mchonga mbao anatengeneza ndege Garuda wa kuruka, mchoraji anampaka rangi, na mfufuliwa anaruka hadi ikulu kumchukua mkewe. Wakirudi wote sita pamoja na mwanamke, ugomvi unaanza: ni wa nani? Kila mmoja ana haki, kwa sababu bila yeye lisingewezekana. Wanavutana mpaka wanamrarua. "Masikini mwanamke!" anasema kijana, na gunia limekuwa jepesi.

Aliyekulia kwenye hadithi za "je, kati yao ni nani mwenye haki?" atadhani maiti anasubiri jibu. Hasubiri. Ndiyo maana ukurasa wa madai sita uchorwe visanduku sita vya ukubwa uleule, kila mwanamume akisema sentensi moja, na mwanamke awemo katika kila kimoja, pembeni, akikatwa na ukingo wa kisanduku: kwa kwanza mkono haupo, kwa pili bega, kwa tatu nusu ya uso. Msomaji asiambiwe lolote. Ukifunua, ni uso wa kijana.

Hadithi za maiti ziwe na mipaka myeusi kati ya visanduku. Ni mazoea ya manga kwa yaliyopita na yaliyosimuliwa. Kila baada ya kurasa nne au tano rudisha kisanduku kimoja cheupe cha njiani: miguu, kamba inayokata bega, mdomo. Ukikaa kurasa 22 bila kisanduku hicho, msomaji anasahau kuna mtu anasikiliza, na kuponyoka kunaonekana kama ajali.

Kinachoua kazi hii ni marudio. Mara ya tano msomaji anajua kijana ataropoka, anachotaka kujua ni kwa nini safari hii. Badili sababu. Huruma, mshangao, kicheko, hasira. Kisha desturi. Msafiri wa Tibet akifika kwenye kilele cha njia, pale penye rundo la mawe na bendera, hupaza sauti: "Ki ki so so lha gyalo!", miungu imeshinda! Hulka ya miaka yote inasukuma koo lenyewe. Maiti anaweza kunyamaza siku nzima, asisimulie kitu, na akamwachia mlima amshinde kijana. Sababu nyingine nzuri ni kusahihisha: maiti anasimulia jambo analolijua kijana, tena analikosea makusudi.

Na vikwazo vya watu vipo. Atasalimiaje? Ipo salamu ya zamani ya heshima ya kutoa ulimi nje, ambayo huelezwa kuwa ni ya kuonyesha kwamba ulimi si mweusi kama wa mfalme Langdarma wa karne ya 9. Kijana anaweza kumsalimu mzee kwa heshima zote kwa kutumia kiungo kilekile alichokatazwa kukitumia. Chora ulimi huo kwa ukaribu, ukurasa robo, na gunia likichungulia nyuma.

Dunia iseme badala yake

Shujaa asiposema, kila kitu kingine kinasikika, na kosa linasikika zaidi. Anza na hewa. Kwenye manga ya kawaida milima ya mbali hupakwa vitone vyepesi ili ionekane ina ukungu. Juu ya mita 4,500 hewa ni nyembamba na kavu; mlima wa mbali unaonekana mkali kama wa karibu. Umbali uuonyeshe kwa unene wa mstari, na kwa kitu kidogo cha kulinganisha, kama hema. Vivuli viwe vyeusi ti, visiwe na kingo laini.

Pumzi ndiyo zawadi ya baridi. Mvuke unaomtoka mtu mdomoni una umbo la kiputo. Mchoree kijana mvuke wenye mstari kamili kuuzunguka, uwe kiputo kisicho na maneno. Mara mbili tatu kwa sura inatosha. Ukizidisha inakuwa mapambo. Mkono wa chuba nao ni mrefu kupita vidole, unaning'inia. Akizidiwa, anaung'ata. Juu ya mshipi vazi huvutwa na kuachwa likitoa mfuko mkubwa kifuani, na humo ndimo bakuli, mfuko wa unga na vitu vyake vyote vinakaa. Usimchoree mkoba. Wanaume huvuta chuba hadi magotini, wanawake huliacha lifike vifundoni, na siku ya jua mkono wa kulia hutolewa nje. Nywele zilizosukwa na kuzungushiwa nyuzi nyekundu ni za wanaume wa Kham, mashariki mwa Tibet. Ukimvalisha mtu huyo gho, vazi la wanaume wa Bhutan, umetengeneza mtu asiye na kwao.

Chakula chake, ukiacha andazi, ni tsampa: shayiri iliyokaangwa kwenye mchanga wa moto mpaka ipasuke, ikachekechwa, ikasagwa. Kwenye kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzijoto 85 hivi, kwa hiyo unga uliokwisha kuiva ni ukombozi. Mpangilio wa mikono ni huu: chai kidogo na siagi vibaki chini ya bakuli, unga juu yake, kidole cha shahada kinasukuma unga chini polepole huku mkono mwingine ukizungusha bakuli, kikishakolea ndipo kinafinyangwa kuwa donge. Anayeanza kwa kukoroga kwa nguvu anamwaga unga wote, na mchoraji anayechora kijiko anajulikana mara moja. Chai yenyewe ni ya matofali, inachemshwa hadi iwe nyeusi, ikatiwa chumvi na siagi, ikasukwasukwa kwenye chombo kirefu cha mbao, chembamba kama bomba, chenye pete za shaba. Mwenyeji huongeza kila unapopunguza. Kijana asiyeweza kusema "imetosha" atabaki ameinama juu ya bakuli lililojaa, na hapo maiti anaanza hadithi mpya.

Yaki, yule ng'ombe wa manyoya marefu wa Tibet, ni dume. Jike ni dri, na maziwa ni yake au ya dzomo, chotara jike wa yaki na ng'ombe. Maneno "maziwa ya yaki" huwachekesha wenyewe. Tena halii "mooo". Anaguna, kama mtu aliyeketi baada ya kazi. Andika mguno.

Pepo wamegawana nchi kwa tabaka, na hilo linakupa mpango wa wino wa kitabu kizima. Juu ni lha, weupe. Katikati, kwenye miamba, ni tsen, wekundu, wapanda farasi wenye silaha. Chini, kwenye chemchemi na udongo, ni lu, nyoka wa majini, rangi yao ni buluu au nyeusi, nao humwadhibu kwa ukoma anayechafua maji. Lha waache karatasi tupu, tsen uwape vitone vya asilimia 30 kwa mistari 60 kwa inchi, lu wino mzito. Msomaji ataujua mpangilio huo bila kuelezwa, na siku chemchemi itakapoanza kuwa na vitone vya wekundu atajua kuna aliyehama mahali pake. Nagarjuna mwenyewe huchorwa na nyoka wamemsimamia nyuma ya kichwa kama mwavuli. Usimpe taji badala yake.

Bendera zina mfuatano: buluu, nyeupe, nyekundu, kijani, njano. Kwa jalada la rangi usiukosee. Vitabu vya dini ni karatasi ndefu zisizoshonwa, zimebanwa kwa mbao mbili na kufungwa kitambaa, na haviwekwi chini wala kurukwa. Maandishi ya Kitibeti yanapandiana, herufi juu ya herufi, na programu nyingine za kupanga kurasa huyatawanya yakawa mfululizo wa vipande. Yaandike kwenye programu inayoyamudu, yageuze picha, ndipo uyabandike.

Viwili vya kuviacha nje. Shangri-La, lile bonde la peponi la kubuni, ilitoka kwenye riwaya ya Kiingereza ya mwaka 1933. Na yule kiumbe wa kuumbwa kwa mawazo anayejaa kwenye michezo na katuni kwa jina la tulpa, kwa umbo hilo alienezwa Ulaya na watu kama Alexandra David-Néel, aliyeandika habari zake mwaka 1929. Neno la Kitibeti lipo, ila kazi yake ni nyingine.

Mwisho ni herufi zetu. Viputo vya Kijapani ni virefu na vyembamba kwa sababu maandishi yao hushuka. "Hawatakuruhusu" ina herufi 14 na haikai humo. Kama unaandika Kiswahili tangu mwanzo, vya maiti vichore vipana kama embe lililolala, maneno yasizidi 25, na ukilazimika kukata neno kata kwenye silabi. Kwa milio tuna akiba: pu, chubwi, kacha, fyuu. Wajapani wana mlio wa ukimya wenyewe, shiin, unaoandikwa mkubwa juu ya picha isiyo na kinachotokea. Sisi tuna jii. Uandike mwembamba, herufi zimeachana, utoke gunia mpaka ukingo wa pili wa ukurasa.

Rasimu ikikamilika, futa viputo vyote vya maiti kwenye kurasa za njiani na umpe mtu asiyeijua hadithi. Muulize kijana alikaribia kuropoka mara ngapi. Akikosea kwa zaidi ya mara moja, rudi kwenye midomo. Tatizo liko pale kati ya pua na kidevu, na kalamu ya G, ile nibu ya kawaida ya wachora manga, ni nene mno kwa kona za mdomo. Tumia ya duara, ile nyembamba.